Saa Ishirini na Nne Kando ya Ziwa Michaelson

Komredi, mtu akirudi kutoka Mlima Kenya huulizwa swali moja tu: ulifika Lenana au hukufika? Mimi sikufika. Nilienda mwishoni mwa Januari, kabla ya muhula kufunguliwa, pamoja na wenzangu watano wa kilabu chetu cha kupanda milima. Safari yetu iliishia kwenye ziwa dogo linaloitwa Michaelson, karibu mita 3,950 kutoka usawa wa bahari. Tulikaa hapo kuanzia saa saba mchana mpaka saa saba mchana ya kesho yake, halafu tukageuza.

Naandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, nasikia kuna safari nyingine inapangwa Agosti, na ratiba inayozunguka kwenye simu za watu ni ile ile yetu, niliyoiandika mimi mwenyewe. Ina kosa. Pili, ziwa lile linafundisha, na watu wengi hulipita wakikimbilia kilele. Uwe unasoma jiografia, biolojia, fizikia au sheria, kuna kitu chako pale.

Ratiba iliyoandikwa na mfuko

Tulipitia njia ya Chogoria, upande wa mashariki wa mlima, kaunti ya Tharaka-Nithi. Lango la mbuga upande huo liko karibu mita 2,950. Mpango wangu ulikuwa hivi: usiku wa kwanza karibu na lango, usiku wa pili Ziwa Ellis, karibu mita 3,450, usiku wa tatu Hall Tarns, vile viziwa vilivyo juu ya genge, karibu mita 4,300, halafu usiku wa manane tuamke tuelekee Lenana, mita 4,985. Batian na Nelion, vilele viwili vinavyozidi Lenana kwa urefu, ni vya watu wa kamba na vyuma, hivyo hatukuvifikiria.

Kila siku mlimani ina gharama: ada ya mbuga, malipo ya kiongozi na wapagazi, chakula. Nikipunguza siku moja, kila mtu anaokoa pesa. Kuna waliokuwa wametoa mabaki ya HELB, kuna mmoja aliyeuza simu akabaki na ile ndogo ya kitufe. Kwa hivyo nilipunguza siku, nikapongezwa, nikajiona mpangaji kweli kweli.

Kosa liko hapa. Kanuni wanayoitumia madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale mahali palipozidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya usiku tatu au nne upumzike siku nzima bila kupanda. Sasa piga hesabu: kutoka Ellis hadi Hall Tarns ni mita 850. Zidisha na kuamka kwenda Lenana usiku huo huo, mita nyingine karibu 700. Mlima Kenya hupandwa haraka kwa sababu barabara zake zinakufikisha juu sana kabla hujaanza kutembea, na ndiyo maana watu wengi huugua pale.

Kiongozi wetu, mzee wa huko Chogoria, aliitazama karatasi yangu kwa muda. Akasema, "Hapa katikati mmeruka ziwa." Akaweka kidole pale ambapo Michaelson ingekuwa. Tukabishana kidogo. Yeye akasema hatavusha watu wageni kutoka Ellis hadi juu kwa siku moja, tukitaka tutafute mwingine. Tukakubali kulala Michaelson, pesa ya siku ile ya ziada ikatoka kwenye nyama na mayai. Nakiri nilinuna.

Bonde lenye umbo la karai

Kutoka Ellis tuliondoka saa moja asubuhi. Njia hupita kwenye nyasi ngumu za vishungi, kisha unaingia Gorges Valley, bonde refu linalopanda taratibu kuelekea kwenye vilele. Mto Nithi unashuka katikati yake, una maporomoko, na kabla ya saa sita ukungu ulikuwa umeshaanza kututangulia.

Ukisimama bondeni, angalia umbo. Mto wa kawaida ukichimba mlima huacha bonde lenye ncha chini, kama herufi V. Hili lina kitako kipana na kuta zilizosimama pande zote mbili, mithili ya karai lililokatwa katikati. Maji hayachongi hivyo. Kazi hiyo ni ya barafu.

Miaka kama 20,000 iliyopita, wakati dunia ilipokuwa kwenye baridi kali ya mwisho, mlima huu ulikuwa umevaa kofia kubwa ya barafu iliyoshuka mabondeni kwa ndimi ndefu. Theluji ikilundikana mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote, uzito wake huibana ya chini mpaka ikawa barafu ngumu, na barafu hiyo ikishakuwa nene huanza kutambaa kushuka mlima. Inaenda polepole mno, lakini imebeba mawe kwenye tumbo lake. Hebu fikiria msasa wa fundi seremala, halafu uupe unene wa ghorofa nyingi na uuache ukisugua kwa maelfu ya miaka.

Mwisho wa bonde kuna ukuta wa mwamba unaopanda kama mita 300, wima kabisa. Unaitwa The Temple. Mguuni pake ndipo ziwa lilipo, na hilo si bahati. Barafu ikishuka kutoka kwenye ngazi ya mwamba namna hiyo, uzito wake wote unagandamiza pale chini, inang'oa vipande vya mwamba na kuvisukuma mbele. Panabaki shimo. Hali ya hewa ilipopata joto, barafu ikarudi nyuma, shimo likajaa maji, na mara nyingi kifusi ilichokuwa ikisukuma kikabaki mbele kama ukingo wa bwawa. Wanajiografia wa Kiingereza huyaita maziwa ya aina hii "tarn". Mlima Kenya unayo mengi: Hall Tarns juu ya ukuta ule ule, Simba, Hausburg, Teleki na mengine.

Tulifika saa saba. Maji yalikuwa meusi-kijani, yametulia, na ukuta wa The Temple ulikuwa umelala ndani yake kichwa chini. Hakuna aliyesema kitu kwa dakika nzima, jambo ambalo kwa kundi letu ni rekodi. Kisha mweka hazina wetu akasema, "Bana, hii ingekosekana kwa sababu ya mayai?" Tukacheka. Tangu asubuhi yeye ndiye aliyekuwa akituchekesha.

Kiangazi mchana, kipupwe usiku

Ulaya maziwa ya namna hii hutembelewa majira ya joto, miezi mitatu hivi, kwa sababu miezi mingine yamefunikwa na theluji. Huku tuko karibu na mstari wa ikweta. Sisi tuna misimu ya mvua na ya ukavu. Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, ndiyo miezi mikavu kidogo. Ila wataalamu wa mimea wana msemo kuhusu milima mirefu ya ikweta: kiangazi ni kila mchana, kipupwe ni kila usiku. Saa nane mchana tulikuwa na fulana, jua linachoma masikio. Saa moja jioni nilikuwa nimevaa kila nguo niliyokuwa nayo, pamoja na soksi mikononi, maana glavu nilizisahau kwenye matatu.

Mimea ya pale inaishi mwaka mzima wa baridi na joto ndani ya saa ishirini na nne. Kuna senesio kubwa, ule mti unaofanana na kabichi iliyopandwa juu ya nguzo. Majani yake yakifa hayadondoki. Yanabaki yamezunguka shina kama koti la manyoya, ili maji yaliyo ndani ya shina yasigande. Miti hii hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Ukiona mmoja umekuzidi urefu mara mbili, jua kwamba unamkuta mzee. Usikate hata tawi kavu kuwasha moto.

Kuna pia lobelia, rozeti ya majani iliyokaa chini kama bakuli, na bakuli hilo huhifadhi maji. Kesho yake alfajiri nilitia kidole kwenye moja. Juu kulikuwa na kifuniko chembamba cha barafu, kama kioo cha saa. Nilipokivunja, chini yake maji yalikuwa bado maji. Hiyo ndiyo fizikia ya sekondari tuliyokariri bila kuiona: maji ni mazito zaidi yakiwa nyuzi 4 za Selsiasi, yakipoa kuliko hapo yanakuwa mepesi na kupanda, kwa hivyo barafu huanza juu na kuwa blanketi kwa yaliyo chini. Usiku majani ya lobelia hujikunja ndani na kukifunika kichipukizi cha katikati. Mchana hufunguka tena. Ndege aina ya chozi huzunguka kwenye maua yake marefu, na pimbi hulala juu ya mawe wakiota jua bila kukuogopa. Usiwape chakula, hata wakikutazama namna gani.

Githeri iliyogoma

Jioni ile tulitaka kujipongeza, tukabandika githeri. Ndiyo, tulipanda mlima na mahindi na maharagwe makavu kwa sababu ni rahisi bei. Yalichemka saa moja, mbili, tatu. Gesi ikaisha nusu. Mahindi yalikuwa bado yanalia kwenye meno kama kokoto.

Mzee alitutazama tu. Kisha akatuuliza sisi wa chuo kikuu, kwa nini haiivi? Mmoja wetu wa uhandisi akajibu. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, mita kama 1,700, huchemka kwa 94 hivi. Pale ziwani, kwa sababu shinikizo la hewa liko chini, huchemka kwa 87 au karibu na hapo. Sufuria inatoa mapovu, lakini joto lenyewe halitoshi kulainisha punje kavu. Unaweza kuongeza moto upendavyo. Maji hayapandi joto, yanakauka tu. Mlimani beba chakula kinachoiva haraka: mchele mwembamba, tambi, uji, ndengu zilizokwisha kuchemshwa nyumbani, chapati.

"Sasa," Mzee akasema, "kama sufuria imeshindwa, na mwili je?"

Hilo ndilo somo kubwa. Kinachoizuia githeri kuiva ndicho kinachokuumiza kichwa. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, kama ilivyo Mombasa, ila hewa yenyewe ni nyepesi. Kwa mita 3,950 kila pumzi inakupa kama asilimia 62 tu ya oksijeni ambayo ungepata ufukweni. Mwili unaweza kuzoea: unapumua haraka zaidi, figo zinarekebisha kemia ya damu, na baada ya siku kadhaa damu yenyewe inabadilika. Lakini kazi hiyo inataka siku, na siku ndizo nilizokata kwenye ratiba.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kama hangova: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usioelezeka, usingizi kukataa. Ukiishia hapo ni sawa, unakaa hapo hapo ulipo mpaka uishe. Ukizidi, una sura mbili mbaya. Ya kwanza ni ya ubongo kuvimba: mtu anachanganyikiwa, anayumba kama mlevi. Ya pili ni ya mapafu kujaa maji: mtu anahema hata akiwa ameketi, anakohoa, midomo inageuka buluu. Zote mbili zinaua, na zinaweza kuua ndani ya saa chache. Nguvu hazisaidii. Mchezaji raga anaweza kuanguka na msichana mwembamba asiyefanya mazoezi akaendelea kuimba.

"Niko sawa"

Mweka hazina hakula. Alisema githeri imemkinai kabla hajaionja, tukacheka. Alilala mapema. Hema letu lilikuwa moja, na usiku nilimsikia akitoka mara mbili. Mara ya pili nilisikia anatapika.

Nitasema kile ambacho sikukisema kwa wenzangu kwa wiki kadhaa. Alirudi ndani, nikamuuliza kama yuko sawa, akasema kichwa kinapasuka. Na mimi nikamwambia, "Kesho Mzee akikuuliza, sema uko sawa. Akituzuia hapa tumepoteza pesa za watu wote." Akanyamaza. Kisha akasema, "Sawa." Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi Mzee alipita hema kwa hema. Mweka hazina akajibu kama nilivyomfundisha. Mzee akachuchumaa, akamwangalia machoni. "Kijana, nimekuuliza kichwa. Nipe jibu la daktari, usinipe jibu la mwanaume." Jamaa akanitazama. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Ndipo akasema ukweli: kichwa kinauma tangu mchana wa jana, hata zile kelele za kuchekesha alikuwa akijikaza.

Mzee akachora mstari kwenye mchanga wa ukingoni, kama mita tatu, akamwambia atembee juu yake, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Alipita vizuri. "Basi," Mzee akasema, "leo hakuna anayepanda. Tunakaa na ziwa. Akipona tunaendelea kesho. Akizidi tunashuka." Wawili wetu walitaka kuendelea na mpagazi mmoja. Mzee akakataa kugawa kundi, kwa sababu ikibidi kumbeba mtu, mikono yote itahitajika.

Kitabu cha matope

Basi tulikaa na ziwa. Yule mwenzetu wa jiografia ndiye aliyegeuza asubuhi ile kuwa kipindi, na nilichokumbuka nakupa kwa ufupi.

Chini ya ziwa kama hili kuna matope, na matope hayo yamepangwa kama kurasa. Kila mwaka huanguka kidogo: vumbi, majivu ya moto wa nyikani, mabaki ya mimea midogo sana ya majini iitwayo diatomu, na chavua ya maua. Chavua ina ganda gumu lisilooza ovyo, na kila mmea una umbo lake. Wanasayansi huchoma bomba refu kwenye matope, hutoa mche wake, kisha husoma kuanzia chini kwenda juu. Miaka ya 1960 mtaalamu wa chavua wa Afrika Kusini, J. A. Coetzee, alisoma matope ya Sacred Lake, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima huu, mita 2,350 hivi. Ziwa hilo ni la kreta, halikuchimbwa na barafu, na leo limezungukwa na msitu. Matope yake yalionyesha kwamba wakati wa baridi kuu msitu haukuwepo pale. Mimea ya nyanda za juu ilikuwa imeshuka kuchukua nafasi yake. Mlima mzima ulikuwa umevuta blanketi lake chini.

Ziwa pia halidumu. Upande kijito kinapoingia kuna kinamasi, na hicho ndicho mwisho wa ziwa unaokuja polepole: mchanga unaingia, nyasi zinasogea, na baada ya maelfu ya miaka patakuwa uwanda. Barafu iliyochimba imekwenda, na kilichochimbwa nacho kinajazwa.

Barafu iliyobaki juu inakwenda pia, tena haraka. Mwaka 1849 Krapf aliuona mlima huu kutoka Ukambani, akaandika kuwa una theluji, na Ulaya kuna wasomi walioona haiwezekani kuwe na theluji kwenye ikweta. Wakamba waliomwonyesha hawakuwa na shaka yoyote. Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, kulikuwa na mito ya barafu kama kumi na minane. Ule mkubwa zaidi, Lewis, ulipimwa kwa makini mara nyingi, na kati ya 1934 na 2010 ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tutaishi kuona mlima usio na barafu kabisa.

Hapa mwanajiografia wetu alitusahihisha, na ni vizuri nikusahihishe nawe. Watu husema barafu ikiisha mito itakauka. Si kweli. Barafu iliyobaki huchangia maji kidogo sana mtoni. Nithi unaotoka ziwani hapa, na ambao maji yake hatimaye huingia Tana yakapita Garissa, Hola na Garsen mpaka baharini Kipini, unalishwa na mvua. Mvua hiyo inashikwa na msitu, na vinamasi na nyasi za vishungi tulizozikanyaga asubuhi yote, kisha inaachiliwa kidogo kidogo wakati wa ukavu. Kwa hivyo anayemtishia mkulima wa Tana ni yule anayeuchoma mlima. Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa huku juu. Ndiyo sababu ya kutumia jiko la gesi na kuacha kuwasha kuni, hata kama baridi inakutia machozi.

Mstari wa pili

Saa sita mweka hazina alikuwa ameketi juu ya jiwe akitazama maji. Nilimpelekea chai. Nikamwomba msamaha, akanijibu kitu ambacho hakikuwa jibu. Alirudia neno moja mara tatu. Nikamwita Mzee.

Mstari ulikuwa bado mchangani. Safari hii alikanyaga hatua mbili, ya tatu ikaenda kando, akaanguka kwenye goti. Akacheka, akajaribu tena, akaanguka tena. Mzee hakungoja. Mpagazi mmoja alitumwa mbele, hadi kwenye kijilima penye mtandao, akaite gari lije mwisho wa barabara. Mahema tuliyavunja kwa dakika kumi. Saa saba tulikuwa njiani, mgonjwa akiwa katikati ya watu wawili, mkoba wake mgongoni kwangu pamoja na wangu.

Dawa ya hali ile ni kushuka. Vidonge, chai ya tangawizi na maombi vyote viendelee, lakini vikiwa vinateremka. Mara nyingi mita 300 hadi 1,000 zinatosha kubadilisha mambo. Nilikuwa nimesoma hivyo, lakini sikuwa nimeona. Tulipokaribia usawa wa Ellis, giza likiingia, aliuliza kama kuna mtu aliyebeba ile githeri. Sijawahi kufurahia swali la chakula namna hiyo. Gari lilitufikisha karibu na lango, tukalala huko, na asubuhi daktari mjini Chogoria alimpima akasema tulishuka wakati mwafaka. Akaongeza: mngekuwa Hall Tarns usiku ule, mita 350 juu zaidi, mngekuwa na hadithi nyingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha maradhi yangu, niliyaficha ya mwenzangu, na kwa bei niliyoijua hadi shilingi ya mwisho.

Ukitaka kwenda

Ukitaka kulitembelea ziwa hili, nenda. Lakini chukua haya:

1. Weka usiku wa Michaelson kwenye ratiba kabla ya kuweka Lenana. Ongeza na siku moja ya akiba isiyo na kazi yoyote. Kama pesa hazitoshi siku hizo, ahirisha, au panga safari iishie ziwani.

2. Kubalianeni kabla ya kuondoka chuoni, kwa maandishi, kwamba mtu akigeuza kwa ugonjwa hadaiwi wala halaumiwi na mtu. Sisi tungekuwa na karatasi hiyo, mweka hazina asingehitaji kunitazama kabla ya kusema ukweli.

3. Asubuhi na jioni kila mtu aulizwe maswali matano: kichwa, tumbo, hamu ya kula, usingizi, uchovu. Kichwa kikiuma na jingine moja likiwapo, hupandi. Ukiyumba kwenye mstari au ukihema umeketi, unashuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na hushuki peke yako.

4. Kuna dawa ya kusaidia mwili kuzoea, Diamox. Muulize daktari kwanza. Usiitumie kununua siku ulizozikata.

5. Usioge ziwani kwa sabuni wala usioshee sufuria humo. Choo kiwe mbali na maji. Takataka zote rudi nazo, hata maganda ya ndizi. Kwenye baridi ile hayaozi.

6. Glavu. Tafadhali.

Mweka hazina anataka kurudi Agosti, na ratiba safari hii ameiandika yeye. Ina siku sita. Bajeti imepanda, watu wanalalamika kwenye kundi, na mimi ndiye ninayemtetea. Siku ya nne ameandika maneno mawili tu: "Ziwa. Kukaa."